Taa ya mshale ni chelezo, si karabai

Kijiweni kwetu Ngamiani, hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, simu moja ilizunguka mikono saba kabla kahawa haijapoa. Ndani yake mlikuwa na video fupi. Mzungu aliyevaa nguo za rangi ya majani kavuta upinde wenye magurudumu, kaachia, na mstari wa kijani ukapita kama kimondo hadi ubavuni mwa mnyama mfano wa swala. Mnyama akaruka, akazama kichakani, na ile nuru ya kijani ikawa inachezacheza kati ya miti mpaka ikatulia.

Maneno yakaanza. Wa kwanza akasema hiyo ni leza. Wa pili akamsahihisha kwamba ni kompyuta: mshale unamfuata mnyama wenyewe, akipinda nao unapinda. Wa tatu akasema hao wanawinda usiku, na taa ni ya kumzubaisha mnyama kama tunavyomzubaisha sungura kwa taa za pikipiki. Mwendesha bodaboda mmoja akataka kujua inauzwa wapi, maana shambani kwao Muheza nguruwe wanamaliza mihogo.

Mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama. "Hiyo taa iko mbele au nyuma?"

Tukairudisha video. Ikabidi tuisimamishe mara tatu. Iko nyuma, kwenye mkia kabisa.

"Basi haiongozi kitu," akasema, akarudi kwenye kashata yake.

Mzee alikuwa amemaliza nusu ya mjadala. Nusu iliyobaki ni hii: kama haiongozi kitu, watu wanainunua ya nini, na je, inafaa? Nimeshaishika mkononi, nimeipima na kuipiga, na mbili zimenifia ndani ya droo, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza tukubaliane majina. Mshale una sehemu nne. Mbele kuna chembe, kile chuma chenye makali, ambacho wengine wanakiita kigumba. Katikati kuna wano, yaani kijiti chenyewe, siku hizi cha kaboni au alumini. Nyuma kuna manyoya, ambayo kwenye mishale ya dukani ni plastiki. Mwisho kabisa, nyuma ya manyoya, kuna mkato unaoukumbatia upote, yaani kamba ya upinde, usiteleze wakati wa kuvuta. Katika mishale ya kienyeji mkato huo unachongwa tu kwenye kijiti. Katika mishale ya kiwandani ni kipande cha plastiki kinachochomekwa nyuma ya wano, na kikivunjika unachomeka kingine. Mimi nakiita kitako, kama tunavyosema kitako cha bunduki.

Kitako chenye taa ni hichohicho, ila plastiki yake inapitisha mwanga na ndani kuna taa ndogo ya LED na betri. Betri yenyewe ni ya lithiamu, upana wake milimita nne na kitu, urefu kama kiungo kimoja cha kidole, na inajificha ndani ya wano. Mvuvi anayefuata mambo ya kisasa atakuwa ameshaiona: betri za namna hiyo ndizo zinazotiwa kwenye vyelezo vya umeme vya kuvulia usiku kwa mshipi.

Mshale ukiwa kwenye podo, taa imezimwa. Ukiuachia, upote unakipiga kitako kutoka nyuma kwa nguvu, kinasogea mbele kidogo sana, pengine milimita moja, na swichi inagusana. Taa inawaka mshale ukiwa bado haujauacha upinde vizuri. Tangu hapo inabaki inawaka kwa saa nyingi, mara nyingi zaidi ya usiku mzima, hadi uikute na ukivute kitako nyuma kwa kucha au ncha ya kisu ili kuizima. Hamna rimoti, wala kompyuta, wala mawasiliano na simu. Mashine nzima ni swichi, betri na taa.

Nikirudi kwa mzee wetu wa kashata: chelezo hakivui samaki. Ndoana ndiyo inayovua. Kazi ya chelezo ni kukuambia ndoana yako iko wapi na kwamba huko chini pametokea jambo. Karabai ndiyo habari nyingine. Hiyo wavuvi wa dagaa wanaiwasha ili samaki waje. Watu wa kijiweni waliona taa wakadhani karabai. Taa ya mshale ni chelezo.

Sasa kwa nini mtu mwenye mshale ahitaji chelezo?

Jibu limo katika namna mshale wa kisasa unavyoua, na hapa inabidi tupoteze dakika mbili, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Upinde tunaousikia kwa babu zetu wengi wa Afrika Mashariki ulikuwa wa sumu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi hadi leo wana mishale ya sumu ya mti wa waridi la jangwani, ule wenye maua ya waridi ambao watu wa mjini wanaupanda kwenye vyungu. Huko pwani ya Kenya, Waata waliokuwa wakiwinda tembo walipika sumu ya msunguti, nayo ina kemikali inayousimamisha moyo. Kwa mshale wa sumu, ilimradi chembe imeingia kwenye nyama na kukutana na damu, kazi imeanza. Pajani au mbavuni, sumu itasafiri yenyewe. Mwindaji anakaa chini, anasubiri, kisha anafuata nyayo.

Mshale wa dukani hauna sumu. Mbele yake kuna nyembe mbili, tatu au nne, na unaua kwa kukata mishipa na kutoa damu tu. Kwa hiyo mahali ulipopiga ndipo penye kila kitu. Ukikata mapafu yote mawili, mnyama anaanguka ndani ya dakika, mara nyingi kabla hajafika mita mia mbili. Ukipiga ini, anaweza kutembea saa kadhaa. Ukipiga utumbo, atakufa, lakini kesho, tena kwa mateso. Ukimfuata mapema atainuka alipojilaza na kukimbia kilomita nyingi bila kudondosha tone la damu, na hutamwona tena.

Ndiyo maana wawindaji wa upinde wana kanuni ya kusubiri. Pigo la moyo au mapafu, subiri nusu saa hivi. Ini, saa nne. Utumbo, saa nane hadi kumi na mbili. Katika joto la kwetu kanuni hiyo ina uchungu wake, kwa sababu ukisubiri saa kumi na mbili nyama inaharibika au fisi anakutangulia. Lakini hata kuamua kati ya nyama na mateso, lazima kwanza ujue ulipiga wapi.

Na kujua ulipopiga si rahisi hata kidogo. Mshale wa upinde wa kapi, huo wenye magurudumu, unakwenda mita 80 hadi 90 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 25, unafika kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Jua limeshuka, mnyama ana rangi ya nyasi, mshale mweusi, moyo wako unadunda kama ngoma ya mdumange. Ukiulizwa ulipiga wapi, utasema "begani" kwa sababu ndipo ulipotaka kupiga. Akili inajaza pengo ambalo macho hayakuliona.

Taa inalijaza pengo hilo. Unaona nukta ya kijani au nyekundu ikifika, na unaona imegota wapi: juu, chini, mbele, nyuma. Mnyama akikimbia nao, unaona ameelekea wapi. Mshale ukimpita upande wa pili, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa pinde zenye nguvu, unauona umelala wapi. Na mshale uliompita mnyama ni barua. Damu nyekundu yenye mapovu inasema mapafu. Damu nzito, nyeusinyeusi, inasema ini. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu ya tumbo la mbuzi siku ya Idi, rudi kambini ulale.

Kuna lingine ambalo mwenzetu mmoja alilileta, nalo kwa mji kama Tanga halikwepeki: kuchinja. Katika fiqhi ya uwindaji, anayetaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia mshale, na mshale ukachoma kwa makali yake, windo lake ni halali hata akilikuta limekufa, alimradi asione alama ya kilichomuua isipokuwa mshale wake. Likiwa limetumbukia majini, mambo yanabadilika. Undani wake ni wa sheikh, si wangu. Mimi naona tu kwamba mtu aliyeuona mshale wake ukigota, akaufuata na kuukuta, yuko karibu zaidi na yakini kuliko aliyelikuta windo kesho yake akabaki kukisia.

Sasa yale ya uongo.

La kwanza, kwamba taa inakusaidia kulenga. Haiwezi. Inawaka baada ya kuachia, nawe ukishaachia huna tena mamlaka juu ya mshale. Anayepiga ovyo atapiga ovyo kwa mwanga mzuri zaidi.

La pili, kwamba inamtisha mnyama au kumpumbaza. Hesabu ndogo inatosha. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Mnyama aliye mita 25 anasikia mlio wa upote baada ya sehemu saba za mia moja za sekunde, wakati mshale ndio kwanza umefika robo ya njia. Wanyama wanaoruka au kuinama kabla ya mshale kufika wanaukimbia mlio. Taa yenyewe iko mkiani, inamwangalia mpigaji, na mbele yake kuna wano zima na chembe. Ongeza kwamba wanyama wa kwato hawaioni rangi nyekundu kama sisi. Mimi binafsi nachagua kijani, kwa sababu macho ya binadamu yanakishika upesi zaidi gizani, na kwa sababu nukta nyekundu kwenye majani yenye damu ni kujitafutia utata.

La tatu, kwamba ni ya kuwindia usiku. Hapa kuna mkanganyo unaoeleweka. Video nyingi zinaonekana za giza kwa sababu kamera inafifisha mwanga wa jioni. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuzama, na huko juu, karibu na Kanada, utusitusi wa jioni ni mrefu: jua limezama lakini uwanda bado una mwanga wa kijivu. Kitako chenye taa kina thamani yake kubwa ndani ya nusu saa hiyo. Huku kwetu, nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, jua likizama giza linaanguka kama pazia. Dakika ishirini na kitu, kwisha. Nusu saa yao ya thamani hatuna.

La nne linatoka upande wa pili, kwa wanaojiita wapiga upinde wa asili: kwamba taa ni kudanganya. Hili si upuuzi, na wenyewe wenye mchezo wamegombana nalo. Pope and Young, klabu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1961 na inayotunza rekodi za wanyama waliowindwa kwa upinde Amerika Kaskazini, ilikataa kwa miaka kifaa chochote cha umeme kwenye upinde au mshale. Mwaka 2014 ikalegeza, ikaruhusu vitako vyenye taa pamoja na kamera za kurekodia, kwa sharti kwamba kifaa kisitupe mwanga kuelekea windo wala kisimsaidie mtu kupima umbali, kulenga au kupiga. Lisome sharti hilo tena: ni maneno ya mzee wetu, taa iko mbele au nyuma. Ila kwenye mashindano ya shabaha, shirikisho la dunia, World Archery, limevipiga marufuku hadi leo, na ni sawa. Kwenye ubao hakuna mnyama wa kuteseka, mshale wako unauona kwa darubini na hauendi popote. Chelezo cha nini kwenye beseni?

Nimesema nimevishika. Jamaa yangu mmoja aliyekuwa akiwahudumia wageni wa uwindaji aliachiwa upinde wa kapi na mishale sita, mitatu ikiwa na vitako vyenye taa. Akaja nayo Tanga likizo. Tukaanzia kwa sonara, Ngamiani, kwa sababu nilitaka mizani ya kweli. Sonara alicheka, lakini akapima. Kitako cha kawaida: gramu 0.6. Chenye taa: gramu 1.6. Mshale mzima, na chembe yake: gramu 26.

Gramu moja. Mtu atasema gramu moja ni nini, hata pete ya binti haitoki. Lakini imekaa mkiani, na mshale ni kama mtumbwi: uzito mdogo tezini, yaani nyuma, unainua omo, yaani mbele. Mshale mzuri unakuwa mzito kidogo mbele ili manyoya ya nyuma yauongoze. Tuliuweka kila mshale juu ya ukingo wa rula mpaka ukatulia, tukatia alama kwa kalamu. Wenye taa ulitulia karibu sentimita moja na nusu nyuma zaidi ya mwenzake. Hauharibiki, ila hauko tena kama ulivyouzoea. Na kwa kuwa upinde ni uleule na mzigo umeongezeka, mwendo unapungua kidogo: kwa hesabu yangu mshale huo ukifika mita 30 unakuwa umeshuka sentimita mbili hivi chini ya mwenzake. Kwa swala mkubwa si kitu. Kwa digidigi au paa ni tofauti ya mapafu na mguu.

Dawa yake inajulikana, na haifuatwi. Fanyia mazoezi mshale wa uzito uleule utakaowindia. Watu wanapiga mwaka mzima na vitako vya kawaida, kisha siku ya kuwinda wanachomeka taa, halafu wanashangaa.

Jioni tukatoka hadi Pongwe, pembeni ya shamba la mkonge. Shabaha yetu ilikuwa gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi, mita 20. Saa kumi na mbili na robo, jua limekaa juu ya vichwa vya mikonge. Mshale wa kwanza ulikuwa wa kawaida: nikasikia tu "pu!" na kulazimika kwenda kuutazama. Wa pili ulikuwa wa taa, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Ule mstari wa kijani unauona kweli unapinda kidogo hewani kabla ya kuzama kwenye gunia. Wa tatu, wa taa pia, haukuwaka. Kimya. Jamaa akasema kitako hakikukaa vizuri kwenye upote. Tukakirudishia, kikawaka mara mbili, mara ya tatu kikagoma tena.

Kisha mimi nikafanya la mgeni, nikapiga juu ya gunia. Mshale wa taa ukaenda kuzama kwenye majani chini ya mkorosho. Tulitembea moja kwa moja tukauchukua. Ulikuwa umeteleza chini ya nyasi kama nyoka, umebaki mkia tu, na bila ile nukta tungeukanyaga bila kuuona. Jamaa naye, kwa mshikamano, akakosa kwa mshale wa kawaida. Huo tuliutafuta kwa tochi za simu hadi mbu wakatushinda. Asubuhi yake mtoto mchunga mbuzi akatuletea, tukampa mia tano.

Kwa hiyo nakubali: kwa kuutafuta mshale, taa inafanya kazi yake sawasawa. Mshale mmoja wa kaboni na chembe zake unaweza kumzidi bei kuku wa kienyeji, na nyembe zilizolala kwenye malisho ya watu ni hatari kwa ng'ombe na kwa miguu ya watoto. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aifikirie.

Lakini lipo ambalo wauzaji wa huko hawalijui kwa sababu hawaishi hapa. Jamaa aliporudi kazini aliniachia vile vitako vitatu. Nikaviweka droo ya meza, nyumba yangu haiko mbali na bahari. Kaskazi ikavuma, na ule unyevu wa chumvi unaokula hadi bawaba za milango ukaingia kazini. Nilipofungua baada ya miezi michache, viwili vilikuwa na kutu ya kijani kwenye ncha za betri. Sugua usisugue, haviwaki. Mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo anayetaka vitu hivi avitenge na betri zake, avitie kwenye chupa kavu yenye mchele au zile punje za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu. Na avifiche mbali na watoto: betri ya lithiamu ikimezwa inachoma koo, na hapo ni kukimbilia hospitali.

Jambo la usalama zaidi ni kipimo. Wano zina matundu ya upana tofauti na vitako vina saizi zake. Kitako kilicholegea kinaweza kuchomoka kwenye upote wakati umeshavuta. Upinde wa kapi ukifyatuka bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde na nyuzi zake. Nimeona picha za upinde uliopasuka vipandevipande mikononi mwa mtu. Kitako kikae kwa kubana kidogo, ukisikie kikisema "tik" kinapoingia kwenye upote. Na kwa upinde wa kienyeji usio na nguvu nyingi, msukumo unaweza usitoshe kuiwasha swichi, ukabaki umebeba gramu moja ya bure.

Sasa bodaboda wetu na nguruwe wa Muheza. Kuwinda Tanzania kunatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Bila leseni huwindi, uwe na upinde, bunduki au rungu. Sheria hiyo inakataza kuwinda usiku, inakataza silaha za sumu, na inakataza kuwinda kwa kutumia mwanga wa taa. Kuingia kwenye pori la akiba na upinde au mishale bila kibali ni kosa hata kama hujapiga kitu. Ndani ya hifadhi za taifa, na Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hakuna kuwinda kabisa. Kwa hiyo mwenye leseni anayetaka kuchomeka taa mshaleni amuulize afisa wanyamapori wa wilaya kwanza na apate jibu kwa maandishi. Asije akasimama mbele ya hakimu akimweleza tofauti ya taa ya mbele na ya nyuma. Na nguruwe wanaokula mihogo, mlango wake ni huohuo: taarifa inaanzia kijijini, inakwenda wilayani.

Inafaa, basi? Kwa anayewinda kihalali, kwa upinde wa kapi, mahali penye mwanga hafifu wa alfajiri au jioni, aliyekwisha kuwa mpigaji na aliyefanya mazoezi kwa uzito huohuo, naona inafaa, na sababu kubwa ni mnyama kuliko mshale. Kwa mwingine yeyote ningesema anunue kwanza manyoya meupe. Ndiyo, meupe tu. Manyoya meupe au ya njano kali, na utepe mweupe uliozungushwa sentimita kumi nyuma ya wano, vinaonekana vizuri ajabu jua likiwapo, havina betri, havili kutu, na damu juu ya weupe unaisoma kama wino kwenye karatasi. Vitako vitatu vyenye taa vinapita dola 20 kabla hujalipia usafiri. Utepe unaupata dukani kwa pesa ya chai.

Hofu yangu moja kuhusu taa ni kwamba inaita. Ukiona nukta imetulia kichakani, mita themanini tu, miguu inataka kwenda. Unajiambia ameshakufa, si taa imesimama? Taa imesimama kwa sababu mshale umesimama. Mshale unaweza kuwa umechomoka na kubaki kwenye tawi, na mnyama mwenyewe amejilaza hatua kumi mbele, hai, masikio yamesimama. Taa haikuoni wewe ulivyo na haraka. Kaa chini. Tazama saa. Kama ulipoona imegota ni nyuma ya mbavu, hiyo nukta iache iwake hadi betri iishe.

Kile kitako kimoja kilichonusurika na kaskazi nilimwonyesha mzee wa kashata. Alikigeuzageuza, akakibonyeza kwenye meza, kikawaka kijani. Akaniuliza kama bado nakihitaji. Sasa kimo ndani ya kichupa cha dawa kilichozibwa kwa nta ya mshumaa, kimefungwa kwenye chelezo chake, na usiku usio na mwezi ukisimama pale Raskazone unaweza kukiona kikizama na kuibuka.